Omeprazoli au famotidini kwa vidonda vya tumbo?

Umeuliza ipi kati ya dawa hizi mbili za kupunguza asidi huponya upesi. Omeprazoli: miligramu 20 mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, wiki 4 kwa kidonda cha duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), 8 kwa cha tumbo lenyewe. Ukiimeza baada ya kula inafanya kazi nusunusu, maana huzifunga pampu za asidi zinapoamshwa na chakula. Famotidini (miligramu 40 usiku) nayo huponya, ila polepole. Magnesiamu ya kutafuna hutuliza kiungulia kwa muda mfupi, basi.

Lakini kupunguza asidi hakuui H. pylori, bakteria anayeleta vidonda vingi vya tumbo, ndiyo maana kidonda hurudi. Pima choo kwanza, ukiwa umeacha omeprazoli wiki 2 na antibiotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Ukikutwa naye, daktari kwa kawaida huandika omeprazoli 20, amoksilini gramu 1 na klarithromisini miligramu 500, zote mara mbili kwa siku, siku 14. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema. Wengi huacha siku ya tano maumivu yakiisha, wakabaki na bakteria sugu.

Na ile diklofenaki unayomeza kwa maumivu ya mgongo? Iache, nayo huleta vidonda. Choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali leo hii.