Honda CG125 ya marehemu baba imeganda injini: niitupe au niifufue?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Honda CG125 ya mwaka 1979, aliyokuwa akizungukia vijijini enzi za ubwana shamba wake. Imekaa stoo hapa Tanga karibu miaka 20. Kiki haishuki hata nikiisimamia kwa uzito wangu wote, tanki lina kutu ndani, na kabureta imejaa utomvu wa kahawia. Fundi wa mtaani kwetu anasema spea za injini hizi hakuna tena, kwa hiyo niing'oe yote, nifunge mpya ya Kichina, kisha nipige rangi. Nina spana za kawaida na muda wa jioni, na ningependa kuifanya mwenyewe nyumbani. Je, injini hii inaokoleka? Na nianzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Injini hiyo usiing'oe. Uwezekano wa kuiokoa ni mkubwa, na spea zake zimejaa kwenye maduka yale yale yanayouza vitu vya bodaboda.

Honda walianza kuitoa CG125 mwaka 1976, wakiwa wamelenga nchi ambako pikipiki hubeba mizigo, hupita vumbi na hubadilishiwa oili kwa kuchelewa. Pikipiki zao nyingine za wakati ule, kama CB125, zilikuwa na kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu kichwani, na oili ikichafuka au ikipungua, huko juu ndiko kunakoumia kwanza. Kwenye CG wakaishusha kamshafti chini, ikazungushwa kwa gia badala ya cheni, na valvu zikafunguliwa kwa vijiti viwili virefu vinavyopanda ubavuni mwa silinda. Hakuna cheni ya kamshafti ya kulegea wala ya kukatika. Muundo huo ulifaa mno hata viwanda vya China vikaunakili, na hadi leo bodaboda nyingi za Kichina zinazotembea barabarani kwetu zina injini ya ukoo huo huo wa CG.

Kwa hiyo fundi wako amesema kweli nusu. Injini ya Kichina inaweza kukaa kwenye fremu hiyo, mara nyingi kwa marekebisho madogo. Lakini kama injini mpya inakaa, maana yake ringi, diski za klachi, gasketi, valvu na sili za kuitengenezea ya zamani nazo zipo. Chukua kifaa cha zamani mkononi, nenda nacho dukani pamoja na vernia, yaani kipimo cha milimita, upime kabla ya kulipa. Usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba "ni ile ile", kwa sababu wanakili hawa wamebadilisha mambo madogo madogo kwa miaka mingi. Sehemu ambayo hutakiwi kuchanganya kabisa ni umeme. Injini za Kichina ni za volti 12 na moto wake unaongozwa na CDI, kifaa cha kielektroniki, ilhali yako ya 1979 ni ya volti 6 na inatumia pointi, yaani swichi ndogo inayogusana na kuachana. Falaiwili (gurudumu zito lenye sumaku ubavuni mwa injini), koili na taa za huku hazioani na za kule.

Lipo na jambo la karatasi. Kadi ya pikipiki ina namba ya injini na namba ya fremu. Ukiing'oa injini, namba haitalingana tena na kadi, na wewe tayari una safari ya kuhamisha umiliki kutoka kwa marehemu. Hapo TRA watahitaji kumwona msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama familia haijalikamilisha hilo, lianzeni sasa, mapema kabla pikipiki haijawaka.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujagusa boliti yoyote, piga picha kila upande kwa simu, hasa njia za waya na kebo. Kila unachofungua kiweke kwenye mfuko wake na jina lake. Na tafuta bisibisi sahihi. Skrubu za njia nne kwenye pikipiki za Kijapani za zamani zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri ndani yake, inateleza na kuvuruga kichwa, ndiyo maana unaona pikipiki nyingi za zamani zina skrubu zilizopigwa patasi. Nunua bisibisi ya JIS, au ile ya kugonga kwa nyundo ambayo inageuka kila inapopigwa. Kwa skrubu zilizoshikana na kava za alumini, hiyo ya kugonga ndiyo itakayokuokoa.

Injini iliyoganda baada ya kukaa karibu kila mara imegandia kwenye silinda. Ringi za chuma zimeshikana kwa kutu na ukuta wa chuma, na unyevu wa pwani unaingia kupitia valvu iliyobaki wazi siku pikipiki iliposimamishwa. Toa plagi, mulika ndani kwa tochi. Changanya oili ya gia za otomatiki, ATF, na asetoni kwa vipimo sawa, mimina kidogo kidogo kwenye tundu la plagi, halafu iache. Fanyia nje au mlango ukiwa wazi, mbali na jiko na sigara, na usiidondoshee rangi ya tanki maana asetoni huila. Ukikosa asetoni, dizeli na oili ya injini zitafanya kazi hiyo, ila taratibu zaidi. Ongeza kila unapoona imepungua.

Baada ya siku kadhaa weka gia ya juu kabisa, simama nyuma, na ulitikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma. Usilazimishe. Huhitaji lizunguke, unatafuta liachie kidogo tu. Likiachia hata kwa unene wa kucha, ongeza dawa na uendelee kesho yake. Ingiza mrija mwembamba wa plastiki kwenye tundu la plagi ukae juu ya pistoni: ukipanda na kushuka unapotikisa gurudumu, pistoni inatembea. Na kama pistoni inatembea lakini kiki bado imekwama, ugonjwa uko kwenye mtambo wa kiki upande wa klachi, na hiyo ni habari njema. Watu wanaosimama juu ya kiki na kuruka, au wanaopiga pistoni kwa nyundo na gogo, ndio wanaopinda vyuma ambavyo kutu ilikuwa haijavigusa. Kwa hiyo kiki hiyo iache kwanza.

Ikishaachia, utatamani kuiwasha hapo hapo. Tafadhali usifanye hivyo. Kutu iliyobaki ukutani itazila ringi kwa dakika chache. Fungua kichwa, vijiti vya valvu vipange kwa namna vilivyotoka, kisha toa silinda. Pistoni ya asili ina kipenyo cha milimita 56.5, na mwendo wake ni milimita 49.5. Mikwaruzo midogo unaweza kuiondoa, lakini ukihisi shimo au ngazi kwa ukucha, ipeleke silinda karakana ya kukereza wakaipime juu, katikati na chini. Kama inahitaji kuchongwa, kuna pistoni za ovasaizi, yaani pana kidogo kuliko ya asili, zinazoongezeka kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00. Nunua pistoni kwanza, uipeleke pamoja na silinda, ili silinda ichongwe kuifuata pistoni hiyo hiyo. Kuna karakana zinazochonga kwanza na kukuambia ukatafute pistoni baadaye, na hapo ndipo injini inapoanza kugonga ikiwa mpya.

Kichwa kikiwa mezani, saga valvu kwa gresi ya kusagia, zirudishe, kisha mimina mafuta ya taa kwenye tundu la kuingizia na la kutolea moshi. Yasivuje upande wa pili. Wakati wa kufunga, nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.08 kwa zote mbili. Fungua pia kava la klachi upande wa kulia. Humo mna chujio linalozunguka, la kutenga uchafu kwa kasi ya mzunguko, na hapana shaka limejaa tope gumu. Watu wengi hubadilisha oili maisha yao yote bila kujua kwamba lipo. Lifute mpaka chuma kionekane.

Tanki sasa, na hapa nitakuomba uwe mwangalifu, kwa kuwa tanki tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa. Mwaga kilichobaki nje, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, lirudie, mpaka harufu iishe. Asije mtu akalichomelea kabla ya hapo. Toa koki ya petroli, ziba tundu lake, weka nati chache ndani baada ya kuzihesabu, utikise ili kutu nene idondoke, kisha uzitoe zote kwa hesabu ile ile. Halafu lijaze siki nyeupe, au maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya ndimu (unga wa asidi ya sitriki), gramu 50 hadi 100 kwa lita. Liache usiku kucha na uangalie asubuhi. Asidi ikimaliza kutu itaanza kula bati, kwa hiyo usiisahau humo wiki nzima. Ikitoka, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, suuza tena kwa maji safi, na ukaushe papo hapo kwa kompresa au jua kali. Bati lililosafishwa hivyo hushika kutu mpya ndani ya saa moja kwa hewa ya Tanga, kwa hiyo likikauka tu, zungushia ndani petroli iliyochanganywa na oili kidogo.

Utomvu wa kahawia kwenye kabureta ni petroli iliyokauka. Fungua jeti zote, loweka kwa dawa ya kabureta, pitisha hewa. Tundu la jeti usilichokonoe kwa sindano ya chuma: jeti ni shaba laini, na tundu likipanuka, pikipiki itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi siku zote. Tumia unyoya wa brashi au uzi mmoja wa waya wa shaba.

Kwenye umeme, moto wa plagi unatoka kwenye koili iliyo nyuma ya falaiwili wala haupitii betri, kwa hiyo betri iliyokufa haikuzuii kuiwasha. Pointi zipo nyuma ya falaiwili na unazifikia kupitia matundu yake. Zisugue kwa msasa laini sana, zifute kwa asetoni, uziachie nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Plagi ni NGK D8EA, pengo lake 0.6 hadi 0.7. Betri na balbu nunua za volti 6, wala usimsikilize anayekwambia uweke za 12 tu.

Matairi tupa, hata kama kashata (meno ya tairi) bado imesimama. Mpira wa miaka hiyo umekuwa mgumu na hautashika lami yenye maji. Viatu vya breki vya zamani badilisha pia, na vumbi lililo ndani ya ngoma usilipulize kwa mdomo wala kompresa. Bitana za zamani zilitengenezwa mara nyingi kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa tambara, tambara ulitupe. Hapa sina mzaha: pikipiki isiyowaka haimuui mtu, isiyosimama inamuua.

Rangi umeitaja mwishoni, na mimi naiweka mwishoni. Ningekuomba uiache ya asili kama bado inashika. Pikipiki za umri huo zilizobaki na rangi ya kiwandani zimekuwa adimu, na mikwaruzo ile ni ya kazi ya mzee. Osha, piga polishi, kutu nyepesi kwenye kromu isugue kwa karatasi ya foili ya jikoni iliyoloweshwa maji. Ukilazimika kupaka, rangi ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, usiipulizie nyumbani kwa barakoa ya kitambaa, maana mvuke wake huumiza mapafu vibaya. Mpelekee mpaka rangi mwenye vifaa.

Ukifika siku ya kuwasha, weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kama lita moja. Klachi yako inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari zitaifanya iteleze. Ukiwa umetoa plagi, piga kiki mara nyingi ili oili ipande kichwani, kisha rudisha plagi. Moshi mweupe wa mwanzo ni ile dawa uliyomimina, utaisha. Moshi wa bluu usioisha injini ikishapata moto ni oili inayoungua, na hapo tutazungumza ringi au sili za valvu. Mwaga oili ya kwanza mapema, baada ya kilomita chache tu, kwa kuwa itabeba uchafu wote uliosalia.

Anza na ATF na asetoni wiki hii. Silinda ikishapimwa, niandikie vile vipimo vitatu, cha juu, cha katikati na cha chini, pamoja na picha ya ukuta wake, nami nitakwambia kama inatosha kubadilisha ringi au utafute pistoni ya 0.25.