Siku nne na mama kwenye barabara za Uskoti

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni muuguzi, naishi Leicester, kwetu ni Tanga. Katikati ya mwezi wa sita mama yangu anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, hawezi kutembea dakika kumi bila kutafuta pa kukaa. Nimepata likizo ya siku nne, nataka kumpeleka Uskoti kwa gari. Nimeandika Edinburgh, Loch Ness, kisiwa cha Skye na John o' Groats kule mwisho kabisa wa kaskazini. Wenzangu kazini wanasema inawezekana. Nianzie wapi? Na mama ataswali wapi, atakula nini? – Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama akifika mpe shikamoo yangu, maana mimi ni mdogo wake kwa miaka michache.

Orodha yako nimeisoma nikiwa na ramani mezani. Inawezekana, wenzako hawakukudanganya, lakini si kwa mama yako. Kutoka Glasgow hadi John o' Groats peke yake ni zaidi ya kilomita 400, na nyingi ni za barabara ya kupishana, malori yakiwa mbele yako. Mimi huu ni mwaka wa 19 naendesha basi dogo la kuwapeleka wazee hospitali hapa Glasgow. Wao ndio walionifundisha kwamba goti bovu haliumii kwa kutembea tu. Kinacholimaliza ni kukaa kitini saa tatu mguu umekunjwa. Kwa mpango wako, mama ataona Uskoti yote kupitia kioo cha gari na usiku hatalala kwa maumivu.

Kwa hiyo futa John o' Groats. Futa na Edinburgh, ule ni mji wa vilima, ngazi na barabara za mawe, unataka miguu. Na Skye, najua hii itakuuma, ifute pia. Kutoka Glasgow mpaka Portree, mji mkuu wa kisiwa, ni kama saa tano bila kusimama, na sehemu zile zenye picha nzuri unazoziona zinapandwa kwa miguu. Skye inataka siku tatu zake peke yake. Utakuja mara nyingine.

Badala yake, tafuteni nyumba moja ya wageni kati ya kijiji cha Ballachulish na mji wa Fort William, kaskazini-magharibi ya Glasgow, mlale hapo usiku tatu mfululizo. Mama atajua kitanda chake kiko wapi na birika liko wapi. Unapoweka nafasi omba chumba cha chini, na uulize kwa simu kama mlangoni kuna ngazi. Nyumba nyingi kule ni za zamani na hazina lifti.

Usiendeshe kutoka Leicester. Njooni Glasgow kwa treni, mchukue gari hapa, mtakuwa mmeokoa nguvu za siku nzima.

Siku ya kwanza shikeni barabara ya A82 kuelekea kaskazini. Mtapita kando ya Loch Lomond, ziwa lenye eneo kubwa kuliko yote katika kisiwa kizima cha Britania (loch ni ziwa kwa lugha yao, wakati mwingine hata mkono wa bahari). Simameni kijiji cha Luss mapema, kabla ya saa nne asubuhi, maana baadaye maegesho yanajaa. Hapo pana gati dogo na pwani ya changarawe, mama anaweza kukaa aangalie maji. Ukishapita Tarbet uwe mwangalifu: upande mmoja kuna mwamba, upande wa pili ukuta wa mawe na ziwa, na barabara imebana. Basi la watalii likija, punguza mwendo. Asikuharakishe aliye nyuma yako.

Baada ya Bridge of Orchy barabara inapanda, na juu kuna mahali pa kusimama panapotazama Loch Tulla. Hapo mtoe mama nje hata kama kuna upepo. Kisha mnaingia uwanda wa Rannoch, nyika tupu ya maji na majani ya rangi ya kahawia, mpaka milima inakufungia pande zote mbili na unajua umefika bonde la Glencoe.

Glencoe usiipite haraka. Tarehe 13 Februari 1692, alfajiri, askari waliokuwa wamepokewa kama wageni na ukoo wa MacDonald waliamka wakawaua wenyeji wao, watu wapatao 38, na wengine wakafa kwa baridi walipokimbilia kwenye theluji. Askari wale walikuwa wamelala na kula katika nyumba zile karibu wiki mbili. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, Mungu amrehemu, alikaa kimya, kisha akauliza, "Walikula nao?" Nikamwambia ndiyo, walikula nao. Hakuuliza tena. Kila nikipita pale nalikumbuka swali lake. Katika kituo cha wageni cha Glencoe wamejenga upya nyumba ya zamani ya bonde hilo, ya fito zilizosukwa na kuta za udongo wenye nyasi. Mpeleke mama aziguse zile fito. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa nyumba kama hiyo inajengwaje.

Siku ya pili nendeni magharibi kwa A830. Glenfinnan mtaona daraja la reli lenye matao 21, la zege, lililofunguliwa mwaka 1901, na majira hayo treni ya moshi hupita juu yake. Njia ya kwenda kuliona kutoka juu ni ya kupanda, kwa hiyo wewe panda, mama abaki chini upande wa ziwa. Halafu endeleeni hadi Arisaig. Hapo acheni barabara kubwa, mchukue ile ndogo ya B8008 inayofuata pwani mpaka Morar. Mchanga wa kule ni mweupe na maji ni ya kijani kibichi, mgeni wa pwani akiona atadhani amerudi kwao mpaka aingize kidole. Ng'ambo mtaviona visiwa vya Eigg na Rum, na siku ikiwa safi, milima ya Skye. Hiyo ndiyo Skye yako kwa safari hii.

Barabara hiyo ndogo ni ya gari moja tu. Kila baada ya umbali fulani kuna sehemu pana iliyowekewa kibao, hapo ndipo pa kupishana. Ikiwa ipo kushoto kwako, ingia usubiri. Ikiwa ipo kulia, usivuke: simama upande wako, mwenzako aingie kule. Anayepanda mlima mpe nafasi unapoweza. Mtu akikufuata kwa nyuma na ana haraka, ingia kando apite, huenda ni daktari au mkunga. Ukipishwa, inua mkono ushukuru, watu wa huko wanalijali sana hilo. Na usiegeshe gari hapo kupiga picha hata dakika mbili. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo. Lori la magogo likaja mbele, gari la wagonjwa likaja nyuma, na lile la wagonjwa likachelewa kwa sababu yangu. Sijalisahau hadi leo.

Siku ya tatu ni ya Loch Ness, lakini anzeni karibu. Nje kidogo ya Fort William, kwenye mlima Aonach Mòr, kuna vibanda vya kuning'inia kwenye waya vinavyokupandisha hadi mita 650 hivi. Mama atakaa tu, na mlima utashuka chini yake. Waulizeni asubuhi kama upepo unaruhusu. Baadaye nendeni Fort Augustus, ambako meli hupandishwa kwa milango mitano ya maji iliyopangana kama ngazi, kwenye mfereji uliofunguliwa mwaka 1822. Mabenchi yapo kando kabisa. Loch Ness inaanzia hapo hapo, kina chake kinafika mita 230, na maji yake ni mengi kuliko ya maziwa yote ya England na Wales yakichanganywa. Ngome ya Urquhart ni nzuri, ila kutoka maegesho mpaka kwenye magofu ni mteremko, na wa kurudi ni mlima. Ningemwonyesha kutoka juu tu.

Siku ya nne mnarudi. Mkiwa na muda, piteni Blantyre, kusini-mashariki ya Glasgow, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813, katika nyumba ya chumba kimoja ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Akiwa na miaka kumi alikuwa kiwandani. Mama alisoma habari zake shuleni bila shaka. Msimulie, au yeye akusimulie, kuhusu Abdullah Susi na James Chuma, walioubeba mwili wake na wenzao kutoka Chitambo, kijiji cha Zambia ya leo alikofia, mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ile ndiyo safari ninayoifikiria mimi nikiwa katika jumba la makumbusho lake pale Blantyre, kuliko za bwana mwenyewe. Angalia siku wanazofungua kabla hamjaenda.

Sasa swala na chakula. Katikati ya mwezi wa sita jua linazama kama saa nne na robo usiku na kuchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri, na giza kamili haliingii. Isha na alfajiri zinakaribiana mno, kwa hiyo chukua ratiba ya msikiti mkuu wa Glasgow na umuulize sheikh wenu mapema kuhusu kukusanya na kupunguza swala safarini. Njiani usitegemee kukuta msikiti. Beba msala, na ununue kiti cha kukunja: kitamfaa kwa swala na kwa kila mahali mtakaposimama.

Nyama ya halali nunueni Pollokshields, kusini mwa mji wetu, kabla ya kuondoka, mpike huko ikiwa nyumba ina jiko. Samaki ni wengi na wazuri. Wa kukaanga, uliza kwanza kama wanatumia mafuta ya ng'ombe, maana baadhi ya maduka hutumia. Mimi ningempa mama supu yao ya samaki wa moshi, viazi na maziwa, inaitwa Cullen skink. Inapasha moto mpaka vidoleni. Na nguo: mwambie akumbuke Lushoto ya mwezi wa saba, aongeze koti la mvua na soksi za sufu.

SWALI: Habari yako mzee. Nina leseni ya Kenya, nakuja Glasgow kwa harusi mwezi wa tano. Naweza kukodi gari nayo? Ni mambo gani ya kuangalia? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Nzuri, kijana wangu. Mgeni mwenye leseni halali ya nchi yake anaruhusiwa kuendesha gari dogo hadi miezi 12. Lakini wenye magari wana masharti yao juu ya hayo: wengi wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na wengine wanadai kibali cha kimataifa cha udereva. Waandikie kabla hujasafiri. Ukitaka otomatiki, iseme mapema, la sivyo utapewa ya gia.

Tunaendesha kushoto kama Mombasa. Vibao ni vya maili, si kilomita, na kwenye mzunguko anayetoka kulia ndiye mwenye haki. Kiwango cha pombe kwa dereva ni cha chini kuliko England tangu Desemba 2014, na kwa kuwa unakuja harusini nakuomba usiguse kabisa. Kabla hujatoa gari uwanjani, piga picha kila upande, pamoja na rimu za magurudumu. Mimi niliwahi kulipishwa mkwaruzo wa rimu ambao niliukuta, na sikuwa na picha ya kuonyesha.

SWALI: Asalaam alaykum. Sisi tuko Maskati, Agosti tunataka kukimbia joto na watoto. Tumesikia kuna wadudu wabaya. Ni kweli? – Msomaji, Maskati

JIBU: Wa alaykum salaam. Ni kweli, ni visubi, wadogo kuliko wa kwetu, na huja kwa maelfu. Hawaambukizi ugonjwa, ila mtoto atawashwa usiku kucha. Wanapenda hewa iliyotulia, unyevu na jioni. Upepo ukivuma kidogo tu hawawezi kuruka, kwa hiyo chagueni nyumba iliyo wazi kuelekea bahari, si ile iliyofichwa msituni kando ya kijito hata ikiwa nzuri kwenye picha. Nunueni vyandarua vya kichwa mkifika Fort William, ni vya bei nafuu, na cha mtoto mdogo kiwe kipana mpaka mabegani. Shule za huku hufunguliwa katikati ya Agosti, hivyo wiki mbili za mwisho za mwezi mtapata nyumba kwa urahisi zaidi, na kwa wakati huo maua ya rangi ya zambarau yanakuwa yamefunika milima mingi.