Spiriti ya vanishi, spiriti ya jiko, na ile isiyofaa kuingia nyumbani

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni seremala, natengeneza vitanda na makabati Ndeeba, Kampala. Siku zote nayeyusha shelaki ya kupaka vanishi kwa spiriti ya zambarau ya madukani. Juzi muuzaji mmoja ameniletea jerikeni tatu za lita 20. Moja imeandikwa methanoli, ya pili ethanoli, ya tatu IPA. Ya methanoli ndiyo rahisi kuliko zote, naye anasema zote ni spiriti tu, tofauti ni bei. Nimeijaribu, shelaki inayeyuka vizuri na kukauka haraka. Mke wangu naye anataka kiasi kwa ajili ya jiko lake la spiriti. Je, ni kweli zote ni sawa? Nikiwasha kidogo kwenye kisahani, rangi ya moto itanionyesha ipi ni ipi?
Seremala, Ndeeba

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujasoma zaidi, hiyo jerikeni ya methanoli iweke mbali na jikoni, na mke wako asipewe hata kikombe kimoja. Muuzaji wako amekudanganya, au yeye mwenyewe hajui anachouza. Sijui lipi baya zaidi.

Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda cha kukeneka spiriti ya molasi, yaani kuichemsha na kukusanya mvuke wake, na hizi tatu zimepita mikononi mwangu kila siku. Zote ni alkoholi, zote hazina rangi, zote zinawaka na kuchanganyika na maji. Lakini zina asili tofauti, na mwilini kila moja inafanya yake.

Ethanoli ndiyo ya kwetu. Pale Kakira, karibu na Jinja, inatengenezwa kwa molasi inayobaki baada ya sukari kutolewa kwenye miwa. Hamira inakula ile sukari iliyobaki, kisha mitambo inakeneka hadi kufika asilimia 96 hivi. Hapo ukenekaji wa kawaida unagota, kwa sababu ethanoli na maji kidogo yaliyobaki huchemka pamoja kama kitu kimoja. Hayo maji ndiyo yanayokuletea weupe kwenye vanishi, hasa majira ya mvua. Ukipata ethanoli kavu ya asilimia 99, kabati lako litang'aa bila ukungu. Ifunge vizuri, maana inanyonya unyevu hewani.

Ile ya zambarau uliyoizoea ni ethanoli iliyoharibiwa makusudi ili isinyweke. Hutiwa rangi, mara nyingi methanoli kidogo, na pengine kemikali chungu mno iitwayo denatoniamu, iliyogunduliwa Scotland mwaka 1958 na watafiti waliokuwa wakishughulika na dawa za ganzi. Kwa vanishi inafaa. Ila usisahau kwamba inaweza kuwa na methanoli ndani, kwa hiyo fungua madirisha ya karakana unapopaka.

Sasa methanoli yenyewe. Zamani ilipatikana kwa kuchoma magogo ndani ya chombo kilichofungwa na kukusanya mvuke. Siku hizi nyingi hutengenezwa viwandani kwa gesi asilia. Ni kiyeyushi kizuri, sikatai, na viwanda vinaihitaji kutengenezea gundi na plastiki. Ubaya unaanza inapoingia mwilini. Ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva ya jicho. Mililita 10 tu, vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu mzima. Na si lazima uinywe: mvuke wake unaingia kwa pua, na yenyewe inapenya kwenye ngozi. Wewe unayepaka vanishi kwa kitambaa, mikono mitupu, chumba kimefungwa, unaipokea kwa njia zote mbili.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba haijionyeshi mapema. Mtu analewa kidogo, analala, anaamka akidhani amepona. Saa 12 hadi 24 baadaye ndipo kichwa kinauma, anatapika, anahema kwa nguvu na kuona kama kuna ukungu mweupe mbele yake. Mwaka 2010 kule Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi, pombe kali ya Uganda, iliyokuwa na methanoli. Walikuwa watu kama mimi na wewe, wamemaliza kazi, wamekaa na wenzao. Kwa hiyo akitokea mtu amekunywa ile ya jerikeni, hata akisema yu mzima, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mbebe chombo chenyewe madaktari wakione. Ipo dawa ya kuzuia ini lisiigeuze kuwa sumu, na ipo mashine ya kusafisha damu, ila zote zinataka kuwahi.

Kuhusu kisahani: hapana. Methanoli na ethanoli zote huwaka bluu, na ukizichanganya hakuna jicho litakalozitenganisha. Isopropanoli, yaani ile IPA yako, moto wake una manjano zaidi, lakini hilo halikusaidii kujua kama kuna methanoli ndani. Tena moto wa methanoli mchana karibu hauonekani kabisa. Katika mashindano ya magari ya Indianapolis, Marekani, mwaka 1981, magari yakiendeshwa kwa methanoli, dereva Rick Mears alishika moto wakati wa kujaza mafuta, na watu waliomzunguka hawakuona miali. Fikiria hilo likitokea jikoni, mtoto amesimama karibu. Kunusa hakusaidii, kuonja ni kucheza na kifo. Anayeweza kukuambia ni maabara tu.

Hata kwa bei hupati nafuu jikoni. Lita ya methanoli ina joto la robo tatu tu ya lita ya ethanoli, basi sufuria ya maharage itakula nyingi zaidi. Mama wa nyumbani atumie spiriti ya dukani yenye lebo inayoeleweka, na asiongeze kamwe wakati jiko lina moto au bado ni moto.

IPA ni isopropanoli, inatokana na mafuta ghafi. Shelaki inayeyuka humo polepole, hutaifurahia. Wape mafundi wa simu: wao husafishia saketi kwa ile ya asilimia 99, kwani inakauka bila kuacha alama. Nayo hainywewi.

Methanoli mrudishie muuzaji. Akikataa, usiimwage mferejini. Andika SUMU kwa herufi kubwa kwenye jerikeni, ifungie mbali na watoto, umtafute mwenye kiwanda anayeitumia.

SWALI: Mama, mimi ni bodaboda Jinja. Nikiongeza ethanoli kwenye petroli, pikipiki itaenda?
Dereva, Jinja

JIBU: Itaenda, lakini usichanganye mwenyewe. Uganda ina sheria ya nishati ya mimea tangu 2020 inayoruhusu kuchanganya, na kazi hiyo ni ya wenye leseni, wanaotumia ethanoli kavu. Ile ya asilimia 96 ina maji. Maji hayo hujitenga na petroli, yanashuka chini ya tangi pamoja na ethanoli, na kabureta inanyonya kutoka huko huko chini. Pikipiki itakuzimikia barabarani. Tena lita ya ethanoli ina nguvu ya theluthi mbili tu ya petroli, kwa hiyo hata ikienda, utajaza tangi mara nyingi zaidi.