Kwa Wanagenzi wa Taarab: Kabla Hujanyanyuka Kitini

Alhamisi iliyopita nilikaa safu ya tatu, karibu na feni, nikaona kwa macho yangu kijana mmoja wa chuo ananyanyuka katikati ya bashraf na noti ya elfu mbili mkononi. Katikati ya bashraf! Mwimbaji hajapanda, neno halijatamkwa, mpiga fidla kafumba macho yuko kwenye kile kipande kinachorudirudi, na huyu mwanangu anamwendea ambandike noti kwenye paji la uso kama yuko kwenye rusha roho, taarab ya kisasa. Nilimdaka shati. Nikamnyang'anya na ile noti. Alipokaa akaniuliza, kwa adabu zake zote, "Kwani mama, si bado wanajaribu vyombo?"

Nililala na hasira. Asubuhi ikabaki huruma, maana mie niliwahi kufanya kubwa kuliko hilo na sikuwa na wa kunidaka shati. Basi haya, wadogo zangu. Nayasema mara moja.

1. Bashraf si majaribio ya vyombo.

Ni vyombo vitupu, bila ya mwimbaji, na ndiyo inayofungua usiku. Asili yake ni kwa Waturuki, ikapita Misri, ikatufikia sisi. Wazee husimulia kuwa Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala 1870 mpaka 1888, aliipenda taarab ya Misri hata akampeleka Mohammed Ibrahim kule Cairo akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi. Mtu kavushwa bahari ajifunze chombo, wewe unashindwa kunyamaza dakika saba?

Na ukitaka kujua kama usiku utakuwa mzuri, kaa upande wa kanuni.

2. Saa mbili ya kwenye tangazo ni saa ya mafundi.

Watu wanaingia baada ya Isha, wengine baada ya Isha na chai. Lakini wewe mwanagenzi njoo hiyohiyo saa mbili, upate kuona nyuzi zinavyotiwa sawa. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji anazipitia moja moja kwa ufunguo wake mdogo, shingo kaiinamisha kama anayesikiliza siri ya mtoto. Feni ikiwashwa zinateremka, anaanza tena. Nimejifunza taarab zaidi katika nusu saa hizo kuliko katika nyimbo zenyewe, na hakuna anayekutoza kitu kwa kukaa ukatazama.

Rudi ya usiku ipange mapema. Gari za Mwanakwerekwe hazikusubiri wewe umalize kuimba.

3. Kutuza.

Hapa mnisikilize. Nyote mnajua kutuza ni kumpelekea mwimbaji chochote ulichojaaliwa. Msilolijua ni kuwa ukinyanyuka kwenye ubeti, ubeti ule umeshakuwa wako. Umeusema wewe. Mwimbaji ni mdomo wa kukodi tu, na ukumbi mzima unageuza shingo kutazama unamwambia nani.

Ilikuwa 1998, nina miaka 21, harusi ya jamaa zetu huko Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe. Mjomba wangu alikuwa ameongeza mke miezi mitatu nyuma. Mtaa mzima ulijua, na mkaza mjomba mkubwa alikuwa kanyamaza kile kimya cha mtu anayehesabu. Mke mdogo alikuwa msichana mwenye mkono mwepesi wa kuchora, na mie nilimpenda. Mchana wa siku ileile alinikalisha ukumbini kwake saa tatu nzima akanichora hina na piko, maua kutoka kidoleni mpaka kiwiko, na hakutaka hata senti. "Usinawe mpaka likolee," akaniambia. Likakolea, jeusi kama sufuria ya mkaa.

Usiku nikakaa na mkaza mjomba mkubwa, kwa sababu ndiye aliyenilea. Mke mdogo alikaa mbele yetu, safu ya pili, pembeni mwa njia, na kikuba chake cha asumini kifuani. Ukaja wimbo. Mwimbaji alikuwa na sauti, sauti hiyo, akivuta neno utadhani anateka maji kisimani na kamba haifiki mwisho. Mie nimelewa. Ubeti wa tatu ulikuwa unamsema mtu aliyekuta chungu cha mwenzake kiko jikoni, akapakua bila ya kukaribishwa. Nilisikia maneno? Sikusikia maneno. Nilisikia fidla.

Nikanyanyuka na noti yangu ya mia tano.

Njia ya kwendea jukwaani ilikuwa moja, nyembamba, kati ya viti vya plastiki, na ilipita mbele ya magoti yake. Nilipofika hapo nikakwama, maana kulikuwa na bibi mmoja mnene anarudi kutuza. Nikasimama palepale. Noti juu, mkono wenye piko lake juu, nikamtazama usoni nikamchekea, kama namwambia, tazama lilivyokolea!

Ukumbi ukalipuka vigelegele. Na mie, wallahi, nikadhani ni kwa ajili ya piko.

Mkaza mjomba mkubwa akaona kumbe yule mtoto aliyemlea kamsimamia. Akanyanyuka nyuma yangu. Dada zake wakanyanyuka nyuma yake, wanne, kila mmoja na noti, wanakwenda kwa madaha, mabega yanapanda na kushuka. Nanyi mnajua mwimbaji akiona msururu wa noti haachii ubeti. Aliurudia mara nne. Mara ya nne kodiani ilikuwa inacheka.

Mke mdogo alitia mkoba wake begani, akakiweka sawa kikuba chake, akatoka pole pole. Angekimbia ningeumia kidogo.

Nyumbani bibi yangu alikuwa macho ananisubiri, habari ilikwishafika kabla yangu.

"Nani alikutuma?"

"Hapana mtu, bibi. Nimependa sauti."

"Sauti husikilizwa kwa masikio. Miguu ilikwenda kufanya nini?"

Kesho yake mkaza mjomba mkubwa akaniletea sahani ya biriani, imefunikwa kawa, na salamu kuwa nimemfuta machozi. Nilikaa na ile sahani nikalia. Kisha nikaila, maana biriani yake si ya kuachwa. Siku ya tatu akaja mtoto na kifurushi kutoka kwa mke mdogo. Ndani doti ya kanga, mpya, haijakatwa, na jina lake: Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu. Hamna jibu la kanga. Barua unaweza kuijibu, matusi unaweza kuyajibu, kanga unaikunja unaiweka.

Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza kalala. Mara ya pili kaenda shamba. Mara ya tatu nilimsikia mwenyewe chumbani anamwambia mtoto aseme hayupo, na mtoto akaja mlangoni akaniambia, "Kasema hayupo." Mjomba hakuitika salamu yangu mpaka Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa. Idi mbili nikachorwa na mtu mwingine, na piko halikukolea.

Na mke mdogo tulipatana kwenye msiba wa bibi. Alikuja, akakaa mkekani pembeni yangu, akavuta ungo tukachagua mchele pamoja, hajasema kitu. Basi yakawa yamekwisha. Miaka mingi baadaye tulikuwa wote Ngome Kongwe, kikundi fulani kikaanza wimbo ambao ubeti wake wa pili una meno. Nikahisi kifundo changu cha mkono kimebanwa.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

Kwa hiyo: wimbo usikilize mpaka mwisho siku moja ndipo uutuze siku nyingine, angalia nani kakaa njiani, na ukiwa na shaka ngojea wimbo wa mapenzi matupu. Na kwenye taarab asilia noti inawekwa mkononi, au kwenye sahani kama ipo. Paji la uso la mtu liache.

4. Jua uko kwa nani.

Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ni ya 1905, Culture Musical Club ya 1958. Wote mabingwa, na mshabiki wa huku hasikii la kule. Baba yangu alikuwa wa Ikhwan, wanaoitwa pia Malindi, na baba mkubwa wa Culture. Walikula sinia moja miaka arubaini, lakini siku ya taarab hawakupanda gari moja. Wewe mgeni usiulize mlangoni "kipi bora". Nenda kote kote, na jina la klabu nyingine liache nje pamoja na viatu.

Mazoezi yao, ukiruhusiwa kukaa, ni matamu kuliko onyesho. Utamsikia mwalimu anasimamisha watu kumi na tano kwa ajili ya fidla moja iliyochelewa, na aliyechelewa atasema ni joto.

5. Siti hakuianzisha taarab, na Bi Kidude si wimbo mmoja.

Hili linanichosha. Taarab ilikuwepo barazani kwa Sultani, na ikiimbwa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, aliiimba kwa Kiswahili watu wa Ng'ambo wakajisikia wamo, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Nusu ya utamu wa nyimbo zake ilikuwa mafumbo: waliokuwepo walijua limempiga nani, na aliyepigwa alijua wanajua. Leo tunasikiliza sauti tu. Ndiyo maana nikawaambia la namba tatu.

Bi Kidude naye, Mungu amrehemu, alituacha Aprili 2013. Alikuwa na taarab, alikuwa na unyago na ngoma yake ya msondo katikati ya miguu. Msimpigie kelele kila mwimbaji wa kike awaimbie "ile ya Bi Kidude". Mwimbaji kaja na zake, kazifanyia mazoezi mwezi mzima, na mama yake kakaa pale anamtazama.

6. Kidumbak sheria nyingine.

Fidla, ngoma mbili ndogo, cherewa za kutikisa, na sanduku, ambalo kweli ni sanduku, la chai, limetiwa uzi mmoja na kijiti, na linanguruma besi mpaka tumboni. Huku ukikaa kimya na mikono mapajani, watu watakuuliza kama unaumwa. Nilimpeleka mpwa wangu, niliyekwishamfunza yote ya hapo juu, akakaa kitako kama yuko mtihanini mpaka mpiga sanduku mwenyewe akamwita. Sasa haniiti tena, anakwenda peke yake na anarudi alfajiri. Hayo ya mama yake mie simo.

7. Busara ni Februari.

Tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara linajaza Ngome Kongwe, na ni raha, nendeni, mwenyeji ana bei yake. Lakini nakutana na watu wanaojiita mashabiki na mara ya mwisho kusikia udi ukipigwa ni Februari ile. Hao wapigaji mnaowashangilia jukwaani wako hapa mwaka mzima, wengi wao wamepita chuo cha muziki kilichoanza 2002 kwenye Forodha ya zamani pale Mizingani, na harusini wanapiga bila ya taa za rangi.

8. Vidogo vidogo.

Tochi ya simu izime. Mpiga udi si mwizi. Ramadhani hapana taarab, wekeni akiba ya noti, Mfunguo Mosi usiku wa sikukuu mtazihitaji. Ukivuka Pemba usiwaambie habari za Unguja, waulize kibati, ngoma yao, kinachezwa wapi, kaa, ujaribu kufuata maneno yanavyokwenda mbio. Vijana wa kiume, upande wa wanawake hampiti, hata kama ndio njia fupi ya kwendea maji. Na mtu akija na kanga mbili za sare, msimuulize kwa sauti jina limeandikwaje, someni wenyewe akigeuka.

Elfu mbili ya yule kijana bado ninayo kwenye mkoba. Alhamisi nitakuwa palepale safu ya tatu. Aje aichukue, ila aje saa mbili, wakati wa kutia nyuzi.