Tokeni za stima kuisha upesi Julai

Ndugu unayeuliza kama ni friji inayomaliza tokeni: kama vyombo vya umeme ni vilevile na tokeni zinaisha upesi tangu baridi ianze, mtuhumiwa wa kwanza ni shawa ya umeme. Ya kilowati 5 ikiwaka dakika 10 hula uniti 0.8. Watu wanne kila siku? Karibu uniti 100 kwa mwezi, kuoga tu!

Maji yakiwa hayana moto wa kutosha, usikimbilie kupandisha swichi ya joto ya shawa. Punguza maji kwa koki: yakipita polepole hupata moto zaidi kwa stima ileile. Ukibana mno, presha hushuka na shawa hujizima.

La sivyo, ndoo. Lita 4 zilizochemka, lita 8 baridi: kwa birika la umeme ni uniti 0.4 hivi.

Friji iache, si yenyewe inayomaliza tokeni.