Breki ya mbele imelegea, waya umekazwa hadi mwisho

SWALI: Assalamu alaykum. Nina Honda CG125 ya miaka ya 1980, breki ya mbele ni ya dramu. Leva inakaribia kugusa mpini ndipo breki ishike. Fundi alichomoa mkono wa kemu (ule unaovutwa na waya ili kemu itanue shuu za breki ndani ya dramu) pale kwenye gurudumu, akausogeza jino moja. Ikashika kwa muda, sasa imelegea tena, na nikiachia leva gurudumu linaendelea kukwaruza. Ninunue waya mpya?
Msomaji, Wete

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Waya usinunue kwanza. Uchomoe kwenye mkono wa kemu, kisha ugeuze mkono huo kwa vidole. Ukiwa mzito, au usiporudi wenyewe, waya hauna kosa.

Lile jino moja ndilo lililoficha ugonjwa. Ekseli ya kemu ina alama ya nukta na mkono una yake, lazima zikutane. Zikiachana, mshale wa kuonyesha ulaji wa shuu unadanganya, na kemu inageuka kupita kiasi hadi springi zishindwe kuirudisha. Kukwaruza kwako kumetoka hapo. Kemu ikipinduka kabisa, gurudumu la mbele litafunga ghafla barabarani, kwa hiyo usiiendeshe kabla nukta hazijarudishwa.

Ukifungua, vumbi usilipulize. Breki shuu za zamani huenda zina asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Nyama ya shuu ikibaki 2 mm, badilisha zote mbili. Pima dramu pia, upana wake wa ndani, tena sehemu mbili tatu: ya 110 mm ikishafika 111 mm, shuu mpya hazitasaidia kitu.

Kisha chomoa kemu yenyewe. Kwa hewa ya chumvi ya kwetu, kutu hukaa palepale ekseli yake inapopita kwenye sahani ya breki (kifuniko cha dramu kinachobeba shuu), na kwa nje huioni. Isugue kwa msasa laini, paka grisi inayovumilia joto kali, kidogo tu. Ikizidi itayeyukia kwenye shuu, na shuu iliyokunywa mafuta kuiosha kwa petroli ni kujidanganya, itupwe.

Wakati wa kurudisha, mfereji wa sahani uingie kwenye jino la shoku. Usipoingia, sahani itazunguka na gurudumu siku utakapokamata breki. Nati ya ekseli ya gurudumu ikazwe huku mwenzako amebana leva, ili shuu zijipange katikati. Mchezo kwenye ncha ya leva, yaani mwendo wake kabla breki haijashika, uwe 20 hadi 30 mm. Nukta zimekutana na mchezo bado haupatikani? Kuna kilicholika, si suala la kukaza.

SWALI: Pikipiki yangu ya zamani ina breki ya diski. Asubuhi nzuri, ikipata moto inajikamata yenyewe.
Msomaji, Makunduchi

JIBU: Ikikamata, iache ipoe kiasi, kisha legeza niplo ya kutolea hewa kwenye kalipa, ile inayobana diski. Gurudumu lisipoachia, pistoni imeshikwa na kutu. Likiachia, kuna mafuta yaliyokwama. Ikikamata tena, legeza mpira wa kupitishia mafuta ya breki kule juu kwenye silinda ya leva badala ya niplo. Likiachia, tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya silinda limeziba. Likigoma, mpira umevimba kwa ndani, weka mpya. Funika tangi kwa kitambaa, maana mafuta ya breki hula rangi, kisha jaza mafuta ya breki ya daraja la DOT lililoandikwa kwenye kifuniko cha silinda na utoe hewa yote.