Hao John watatu wa baba mkwe wako

Rehema mwanangu,

Mzima wewe na wa kwako? Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, nikacheka pale ulipopiga kelele "mama, hawa watu hawakuwa na majina mengine?" Umesema baba mkwe kakukabidhi boksi la karatasi za ukoo wao wa huku Massachusetts, Marekani, enzi za Mwingereza, ndani umekuta John, mwanawe John, mjukuu John, wote mji mmoja, wote mke Mary, na hujui yupi kazaa yupi, sasa unaniuliza utawatenganisha vipi. Umegonga mlango wenyewe, maana miaka 14 mama yako kashinda kwenye chumba cha kumbukumbu cha mji akitolea watu mafaili ya mababu zao, na karibu kila anayeingia pale anakuja na John wake.

Usiwashangae sana lakini. Wewe Rehema ni jina la bibi mzaa baba, binti wa shangazi yako naye Rehema, mkikutana Tanga mnaitana somo na hakuna anayeshangaa. Wapuritani, wale Waprotestanti wa Uingereza waliohamia huku, ndo hivohivo tena wao walizidisha, baba anampa mtoto jina lake mwenyewe bila wasiwasi. Angalia gavana wa Massachusetts John Winthrop aliyekuja 1630, mwanawe John Winthrop akawa gavana wa Connecticut, mjukuu John tena, huyo walau walimwita Fitz-John, naye gavana wa Connecticut, afu karne iliyofuata yupo John Winthrop mwingine profesa wa Harvard, mtaalamu wa elimu ya nyota. Hao wana barua na picha za kuchora ndo maana hatuwachanganyi. Wakulima wa baba mkwe wako hawana picha.

Na kitu kingine, mtoto akifa, anayefuata mara nyingi anapewa jina la marehemu. Kwahiyo ukiona Mary kazaliwa mara mbili nyumba moja usiseme karani kakosea, wa kwanza alizikwa, na yule bibi harusi wa miaka ishirini mbele ni wa pili.

Sasa hilo neno Junia lililokuchanganya. Leo Junia ni mtoto wa Sinia, basi. Enzi zile hapana, ilikuwa ni karani tu anatofautisha watu wawili wenye jina moja pale mjini, mkubwa na mdogo, wanaweza kuwa mtu na mpwa wake au wasiwe na undugu wowote. Afu mbaya zaidi cheo kinahama! Sinia akifa, Junia anapanda anakuwa Sinia, na yule aliyeandikwa wa tatu naye anapanda anakuwa Junia. Mimi hili lilinitia aibu mwaka wangu wa kwanza, nilimchorea mzee mmoja mti wa ukoo mzuri kabisa na wino wa rangi, akaukunja akaondoka nao kafurahi, wiki mbili baadae karudi na hati mkononi ananiambia mama, huyu babu yangu uliyemzika hapa kauza shamba miaka saba baada ya kufa. Nilikuwa nimefuata neno Junia kwenye karatasi mbili, kumbe ni watu wawili, mtu na baba yake mdogo. Tangu siku hiyo sigusi penseli ya mti mpaka nimeona ardhi.

Ndo dawa yenyewe hiyo, ardhi. Chukua daftari, kila John mpe ukurasa wake, hata ukihisi ni mtu mmoja, kuja kuwaunganisha baadae ni rahisi kuliko kuwapasua. Afu soma hati za kuuza shamba polepole, usiishie kwenye jina, tazama na kazi yake, huyu kaandikwa fundi viatu, yule mtengeneza mapipa, yule mkulima, fundi viatu haamki kesho mtengeneza mapipa. Tazama nani kapakana naye kaskazini na mashariki, shamba halitembei, majirani walewale wanarudi kwenye karatasi miaka thelathini. Tazama mke, maana mume akiuza, mke naye mara nyingi anatia mkono kuachia theluthi yake ya mjane, hapo ndo utajua Mary yupi yuko hai mwaka gani. Na tazama chini kabisa pa kusaini. Nilikuwa na John wawili walionisumbua mwezi mzima, siku moja nikaziweka hati zao sambamba mezani, mmoja kaandika jina lake zima kwa mwandiko wa kuegemea kulia, mwingine hajui kuandika, kaweka alama kama uma wa meno mawili, na uma uleule, jino la kushoto refu, ukatokea kwenye hati tatu. Nikapiga meza mpaka bosi akageuka.

Hati ikigoma nenda kwenye mirathi. Marehemu asiyeacha wosia, huku Massachusetts kabla ya uhuru mtoto wa kiume wa kwanza alipata mafungu mawili na wenzake moja moja, kwahiyo ukiona mgao unajua nani mkubwa bila kubahatisha. Ila maneno ya undugu yasome kwa tahadhari, wanaposema binamu inaweza kuwa mpwa, wanaposema mkwe anaweza kuwa mtoto wa kambo.

Tarehe nazo, yule mtoto unayesema kazaliwa kabla ya ndoa usimpe sifa mbaya bado! Mpaka 1752 mwaka wao ulianza Machi 25, Januari na Februari zilihesabiwa za mwaka uliopita, kwahiyo mtoto wa Februari 1731 kaja baada ya ndoa ya Mei 1731, ndo ule mkwaju unaouona, 1731/2. Hata George Washington kwa kalenda ya zamani kazaliwa Februari 11, 1731, leo tunasema Februari 22, 1732.

Ile miti ya onlaini mumeo aliyokutumia iache kwanza, mtu mmoja anaunganisha John wawili, mia wanakopi.

Afu kuna jambo hukuniuliza. Kwenye picha ya orodha ya mali ya marehemu uliyonitumia, chini ya ng'ombe na jembe, pameandikwa Cuffee na bei. Huyo ni mtu, mwanangu. Ni Kofi, jina la Waakan, watu wa Ghana, la mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa, Juma wetu kabisa. Ukoo hajaandikiwa. Paul Cuffe, yule nahodha mweusi aliyezaliwa 1759 kwenye kisiwa cha hukuhuku, baba yake alikuwa Kofi, na wanawe wakaligeuza jina hilo la baba kuwa la ukoo. Sisemi wa kwako ni huyo, Kofi nao walikuwa wengi, na yeye hana hati ya shamba ya kumtambulisha. Mpe naye ukurasa kwenye daftari, andika mwaka, mji, nyumba ya nani, na bei uiandike.

Na hati ya tatu nipigie picha upya, dole gumba lako limefunika mashahidi wote.

Mama